Leonard Colebrook: Tabibu wa homa ya nifasi aliyehamia wodi ya walioungua Ladywood

Kwa sisi tunaoishi Birmingham, hapa Uingereza, Bath Row ni barabara ya kupita tu. Mtu hushuka treni kituo cha Five Ways, akaifuata kuelekea katikati ya mji bila ya kutazama kushoto wala kulia. Katika barabara hiyo, upande wa Ladywood, kuna jengo la zamani ambalo siku hizi wanaishi wanafunzi. Mimi mwenyewe nimelipita kwa miaka kadhaa bila ya kujiuliza lilikuwa la nini. Kumbe ilikuwa hospitali. Ilifunguliwa mwaka 1841 kwa jina la Queen's Hospital, na kuanzia 1941 hadi ilipofungwa mwaka 1993 ilijulikana kama Birmingham Accident Hospital, hospitali ya majeruhi ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya kwanza ya aina yake duniani.

Ndani ya jengo hilo, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alifika daktari mmoja mwenye umri wa miaka sitini. Kwa umri huo wenzake walikuwa wanafikiria kustaafu, na yeye jina lake lilikuwa tayari limeandikwa katika vitabu vya tiba. Huyo ni Leonard Colebrook. Marafiki zake walimwita Coli, jina linalofanana na la bakteria wa matumboni, na kwa mtu aliyeishi na bakteria maisha yake yote halikuwa jina baya.

Nimeona tumkumbuke daktari huyu kwa sababu kila baada ya miezi michache vyombo vya habari hututangazia kuwa imepatikana kemikali mpya, ama kutoka kwenye udongo au kwenye mti fulani, ama iliyotengenezwa maabara, ambayo itawamaliza bakteria sugu wasiosikia dawa. Habari hizo si za uongo. Lakini Colebrook ndiye aliyeiingiza hospitalini, hapa Uingereza, mojawapo ya dawa za mwanzo za namna hiyo zilizotengenezwa na binadamu. Baadaye akaishika mikononi penisilini, dawa ya asili inayotokana na ukungu. Alichokifanya baada ya kuwa na zote mbili ndicho kinachonifanya niandike.

Colebrook alizaliwa Guildford, kusini mwa Uingereza, mwaka 1883, katika familia ya watu wa dini. Alisomea udaktari London na kumaliza mwaka 1906. Mwaka uliofuata aliingia katika maabara ya Almroth Wright kwenye hospitali ya St Mary's, mtaa wa Paddington. Wright alikuwa bwana mkubwa wa chanjo wa zama zile, mtu mwenye maneno makali na msimamo usiopinda. Aliamini kuwa mwili wenyewe ndio wenye kinga, na kwamba kazi ya tabibu ni kuuamsha kwa chanjo. Habari ya kummiminia mgonjwa kemikali ili kuua bakteria aliiona ni kupoteza wakati. Miongoni mwa vijana waliokuwa wakifanya kazi chini yake alikuwamo pia Alexander Fleming, ambaye mwaka 1928 angegundua penisilini katika jengo hilo hilo.

Vita Vikuu vya Kwanza viliwapeleka wote Ufaransa. Huko Boulogne, Wright na vijana wake walichunguza majeraha ya askari na kuthibitisha jambo lililowaudhi madaktari wengi wa upasuaji: dawa kali za kuua vijidudu zilizokuwa zikimiminwa katika vidonda virefu hazikuwafikia bakteria waliojificha ndani, bali ziliua chembe nyeupe za damu ambazo ndizo zilizokuwa zikipigana nao. Colebrook alirudi na somo hilo kichwani. Halikumtoka tena.

Itakumbukwa kuwa katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, hapa Uingereza, kujifungua mtoto kulikuwa ni jambo la hatari kuliko tunavyodhani. Katika kila uzazi elfu moja, takriban wanawake wanne walipoteza maisha, na muuaji mkubwa alikuwa ni homa ya nifasi. Mama hujifungua salama, watu wakapeana hongera, na siku ya pili au ya tatu akashikwa na baridi ya kutetemeka, tumbo likauma, homa ikapanda. Mwenye kufanya hivyo kwa kawaida ni bakteria aitwaye streptokokasi, anayeingia kupitia jeraha la kizazi na kusambaa katika damu. Wanawake hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa vijana wenye afya, na wengi waliacha watoto wengine nyumbani.

Colebrook aliingia katika tatizo hilo kwa moyo wote. Kwanza alijaribu dawa za jamii ya aseniki, zile zilizotokana na kazi ya Mjerumani Paul Ehrlich dhidi ya kaswende. Hazikufaa. Mwaka 1930 alipewa kuongoza maabara za utafiti za hospitali ya uzazi ya Queen Charlotte's, London. Hapo akaanza na kitu ambacho hakina fahari yoyote, nacho ni mikono ya mkunga. Pamoja na mwenzake, Maxted, alijaribu dawa mbalimbali za kunawia kwa kupaka streptokokasi kwenye mikono na kupima ni wangapi wanaobaki hai. Mwaka 1933 walichapisha matokeo yaliyoipa sifa dawa moja mpya ya wakati ule, Dettol. Ndiyo hiyo hiyo, msomaji, ambayo mama zetu waliitia kwenye maji ya kuogea tulipokuwa na vipele.

Ndugu yake wa kike, Dkt. Dora Colebrook, naye alikuwa mtaalamu wa bakteria, na kazi yake ilikwenda mbali zaidi. Alilinganisha streptokokasi waliowaua wazazi na wale waliopatikana puani na kooni mwa watu waliowazunguka, na mwaka 1935 akaonesha kuwa mara nyingi bakteria alitoka kwa daktari, kwa mkunga au kwa ndugu wa nyumbani. Yaani aliyekuja kusaidia ndiye aliyeleta mauti bila ya kujua. Kwa sababu hiyo Colebrook akasisitiza barakoa na glavu katika vyumba vya kuzalishia, na akakuta upinzani wa watu wasiopenda kuambiwa kuwa si safi.

Mwaka huo huo wa 1935 habari zikaja kutoka Ujerumani. Gerhard Domagk, wa kampuni ya Bayer, alichapisha matokeo ya rangi nyekundu ya viwandani iliyoitwa Prontosil. Panya walioambukizwa streptokokasi walipopewa rangi hiyo waliishi, na wale wasiopewa walikufa. Huko Paris, katika Taasisi ya Pasteur, wataalamu wakagundua kuwa rangi yenyewe haina kazi: ikifika mwilini huvunjika na kutoa kemikali ndogo isiyo na rangi, ambayo ilikwisha kutengenezwa tangu mwaka 1908 bila ya mtu kujua faida yake. Hiyo ndiyo salfa. Kwa miaka karibu thelathini dawa ilikaa katika makabati ya wanakemia huku watu wakifa.

Colebrook hakuamini upesi. Alikuwa mwanafunzi wa Wright, na tena majaribio yake ya mwanzo kwa panya hayakumpendeza. Akabadilisha aina ya bakteria, akatumia wakali zaidi, ndipo nguvu ya dawa ikaonekana. Mwezi Januari 1936 akaanza kuwapa wazazi waliolazwa Queen Charlotte's kwa homa ya nifasi. Wagonjwa waligeuka rangi ya waridi kwa sababu ya dawa ile, lakini homa zao zilishuka, nyingine kwa siku moja tu. Yeye na msaidizi wake, Dkt. Méave Kenny, walichapisha taarifa mwezi Juni: kati ya wagonjwa 38 walikufa watatu. Mwishoni mwa mwaka wakaongeza wengine 26, na kati ya hao hakufa hata mmoja. Kwa hesabu hiyo, vifo katika wagonjwa 64 vilikuwa chini ya watano kwa kila mia, wakati ambapo katika hospitali hiyo hiyo, miaka ya karibu kabla ya hapo, walikuwa wakifa kati ya 20 na 30 kwa kila mia.

Jambo moja lazima lisemwe hapa kwa haki. Colebrook hakuwagawa wagonjwa katika makundi mawili, wapewao na wasiopewa. Leo utafiti wa namna hiyo usingekubaliwa kirahisi. Yeye mwenyewe aliandika wazi kuwa huenda bakteria nao walikuwa wamepungua ukali katika kipindi hicho, na kwamba si sifa yote iende kwa dawa. Ni wachache wanaopata ushindi wa namna ile kisha wakaandika wenyewe sababu ya kuutilia shaka. Lakini kuanzia 1937 vifo vya wazazi nchini Uingereza vilianza kuporomoka na havikurudi tena juu. Domagk alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 1939, utawala wa Hitler ukamlazimisha aikatae, na akaja kuipokea mwaka 1947.

Mwaka 1939 vita vilipoanza, Colebrook alikuwa na miaka 56, na angeweza kabisa kubaki London. Alivaa tena magwanda na kwenda Ufaransa akiwa mshauri wa jeshi katika mambo ya bakteria. Huko alikutana na askari walioungua, na hapo ndipo maisha yake yalipogeuka mara ya pili. Ngozi iliyoungua ni nyama iliyokufa, na nyama iliyokufa ni karamu ya bakteria. Mgonjwa aliyenusurika moto wenyewe alikuwa akifa wiki mbili baadaye kwa usaha, na hata ngozi aliyopandikizwa iliyeyushwa na streptokokasi ikaanguka.

Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilimpa kitengo cha wagonjwa walioungua katika hospitali ya Royal Infirmary mjini Glasgow mwaka 1942. Mwaka uliofuata kitengo kikahamishiwa Birmingham. Sababu inaeleweka kwa yeyote anayeujua mji huu: ulikuwa mji wa viwanda vya chuma, tanuri, mafuta na mvuke, na ile hospitali ya Bath Row ilikuwa imeanzishwa hasa kwa ajili ya majeruhi, chini ya daktari wa upasuaji William Gissane.

Sasa fikiri, mpenzi msomaji. Mtu huyu ameleta salfa nchini. Sasa anayo na penisilini, ambayo wakati ule ilikuwa adimu na wengi waliitamani bila ya kuipata. Tungetegemea achukue dawa zake mbili na kuwapaka wagonjwa, basi. Kupaka alipaka, na malai ya penisilini juu ya vidonda vya moto iliwapunguza sana streptokokasi. Lakini alikwisha kuona dalili ambayo hakuipenda. Katika wodi za majeruhi wa vita zilizotumia salfa kwa wingi, kufikia mwaka 1942 walikwisha kujitokeza streptokokasi ambao salfa haiwafanyi lolote. Dawa ilikuwa haijatimiza hata miaka saba. Na kuhusu penisilini, wataalamu wa Oxford walichapisha mwaka 1940, kabla haijaanza kutumika kwa watu, kuwa kuna bakteria wenye kimeng'enya cha kuivunja.

Kwa hiyo akauliza swali la mtu wa nyumbani kuliko la mtu wa maabara: huyu bakteria amepita wapi? Wagonjwa waliingia wodini wakiwa hawana streptokokasi kwenye vidonda, na baada ya siku chache vipimo vikaonesha wanaye. Kwa hiyo walimpata pale pale hospitalini. Alimfuata katika mikono, katika mablanketi, katika vumbi, na hasa katika saa ya kubadilisha bendeji. Bendeji kavu yenye usaha ikifunguliwa, hutoa wingu la vumbi lisiloonekana, na katika wingu hilo wamo bakteria maelfu, wanaelea, kisha wanatua kwenye kidonda cha mgonjwa anayefuata. Wauguzi walikuwa wakifungua bendeji kumi, kumi na tano, katika wodi ile ile, asubuhi moja.

Pamoja na mtaalamu wa hewa, Bourdillon, alijenga Birmingham chumba maalumu cha kubadilishia bendeji. Hewa iliingizwa kupitia chujio na kusukumwa ndani kwa nguvu kiasi kwamba mlango ukifunguliwa hewa hutoka, haiingii. Mgonjwa mmoja tu kwa wakati. Kidonda hakiguswi kwa mkono, bali kwa vibanio vilivyochemshwa. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1946, na vyumba vya upasuaji vya leo, kuanzia hapa hadi Muhimbili na Kenyatta, vimejengwa kwa fikra ya namna hiyo hiyo ya kusukuma hewa safi ndani. Mwaka 1945 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Mke wake wa kwanza alifariki mwaka 1941. Mwaka 1946 alimuoa Vera Scovell, na bibi huyo akawa mwenzake katika jambo ambalo binafsi naliona ni kubwa kuliko yote. Wawili hao walikaa wakapitia mafaili ya wagonjwa elfu moja walioungua na kuunguzwa na maji ya moto, wakiandika kila mmoja aliunguaje. Walichapisha mwaka 1949. Ilidhihirika kuwa picha ya mfanyakazi wa kiwandani haikuwa ndiyo picha yenyewe. Ajali nyingi zilitokea majumbani, na walioumia zaidi walikuwa watoto na wazee. Chai iliyomwagika. Sufuria iliyovutwa na mtoto anayeanza kutambaa. Na kwa wasichana wadogo, gauni la kulalia la pamba lililoshika moto wa hita isiyokuwa na kinga, wakati mtoto amesimama mbele yake kupasha mgongo joto.

Colebrook alistaafu mwaka 1948, lakini kustaafu kwake kulikuwa ni kwenda kugonga milango ya wabunge. Aliwaandikia, aliwapelekea takwimu, aliwachosha. Mwaka 1952 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kuwa hita za gesi, za umeme na za mafuta zisiuzwe bila ya kuwa na kinga ya kuzuia nguo na mikono ya watoto. Mwaka 1964 zikafuata kanuni kuhusu magauni ya kulalia ya watoto ili yasitengenezwe kwa vitambaa vinavyowaka kama karatasi. Katika kipindi hicho aliandika pia kitabu kuhusu maisha ya bwana wake wa zamani, Wright, kilichotoka mwaka 1954. Alimheshimu hadi mwisho, ijapokuwa yeye ndiye aliyethibitisha kuwa Wright alikosea kuhusu kemikali. Colebrook alifariki mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 84.

Kilichotokea Bath Row miaka miwili baadaye hakukiona, lakini asingekishangaa. Nafasi yake ya maabara ilikuwa imeshikwa tangu 1949 na Edward Lowbury, daktari ambaye pia alikuwa mshairi. Kufikia hapo streptokokasi hakuwa tena adui mkubwa wa wodi ile. Penisilini ilikuwa bado inamuweza, kama inavyomuweza hadi leo, na hilo ni jambo ambalo wataalamu bado wanalistaajabia. Nafasi yake ilichukuliwa kwanza na stafilokokasi, ambaye aliizoea penisilini mapema mno: katika hospitali moja ya London, sugu walikuwa takriban 14 kwa kila mia mwaka 1946, na miaka miwili baadaye wakapita nusu. Halafu akaja pseudomonasi, bakteria wa maji na sinki, anayetia usaha rangi ya kijani.

Dhidi ya pseudomonasi kulitolewa mwaka 1967 dawa iitwayo kabenisilini, ambayo nusu yake ni asili na nusu ni ya kutengenezwa: wanakemia walichukua kiini cha penisilini ya ukungu wakakipachika mkia mpya. Mwaka 1969 Lowbury na wenzake walitangaza kuwa katika wodi ya walioungua Birmingham wametokea pseudomonasi wanaoishi katika dozi kubwa kabisa za dawa hiyo. Walipochunguzwa, usugu wao ulionekana umebebwa katika kipande kidogo cha duara cha chembe za urithi, plasmidi, ambacho bakteria mmoja humpa mwingine kwa kugusana. Na si lazima wawe ndugu. Bakteria wa tumboni anaweza kumpa wa kwenye sinki. Tena kipande hicho hakikubeba usugu wa dawa moja tu, bali na wa tetrasaiklini na kanamaisini pia, kama mtu anayeazimwa funguo moja akapewa mtungo mzima.

Plasmidi hizo za Birmingham zinajulikana katika maabara za dunia nzima kwa majina RP1, RP4 na RK2. Ziligeuka kuwa vyombo vya kufundishia na kutafitia jinsi usugu unavyosafiri. Zilitoka kwenye vidonda vya wagonjwa wa Ladywood.

Na kwetu je? Kuna uzi mmoja unaotuunganisha na hadithi hii, nao unapitia kwa yule yule Domagk. Katika miaka ya 1940 alitengeneza dawa nyingine, thayasetazoni, dhidi ya kifua kikuu. Ilikuwa rahisi kwa bei, na katika miaka ya 1950 na 1960 ilijaribiwa Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na Baraza lile lile la Utafiti wa Tiba lililomuajiri Colebrook. Ilitumika ikiwa imeungana na isoniazidi, kwa sababu ilikwisha kujulikana kuwa isoniazidi ikipewa peke yake bakteria wa kifua kikuu huizoea. Dawa mbili pamoja, kwa mwezi baada ya mwezi: wazee wetu wengi walipona kwa njia hiyo. Baadaye ulipokuja ukimwi, wagonjwa wakaanza kubabuka ngozi kwa thayasetazoni, jambo lililoelezwa kwa kina na watafiti Nairobi mwaka 1991, na ikaachwa.

Halafu kuna habari ya Muhimbili, ambayo kila nikiisoma moyo wangu hushtuka. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti juu ya watoto waliolazwa katika hospitali hiyo mwaka 2001 na 2002. Miongoni mwa wale waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu hasi katika damu, walikufa zaidi ya 43 kwa kila mia, zaidi ya maradufu ya waliokufa kwa malaria. Na aliyepewa dawa ambayo bakteria wake amekwisha kuizoea alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mwaka 2017 Kenya na Tanzania zilizindua mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu. Kwa hesabu ya dunia nzima, watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na eneo lililoumia kuliko yote kwa uwiano ni Afrika kusini mwa Sahara.

Tunajua tunavyofanya, tusidanganyane. Mtu anaumwa koo, anakwenda duka la dawa, anataja mwenyewe jina la kidonge na anaomba sita kwa sababu pesa ya kumi na tano hana. Mtoto akimwagikiwa na uji, jirani mmoja analeta dawa ya meno, wa pili yai, wa tatu unga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua, na wengi wao wako katika nchi kama zetu, zenye majiko ya mkaa na ya mafuta ya taa yaliyowekwa chini, usawa wa mtoto. Wenye kubaki hai hulazwa katika wodi ambazo bendeji bado hufunguliwa mmoja baada ya mwingine, kama Glasgow kabla ya Colebrook, na wauguzi si wa kulaumiwa, kwani maji yenyewe mara nyingine hayatoki.

Dawa mpya zinakuja, nazo ni za pande zote mbili kama zamani. Kutoka kwenye udongo ilitangazwa mwaka 2015 teiksobaktini, inayotolewa na bakteria ambao hapo kabla hawakuweza kukuzwa maabara. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani waliitumia kompyuta kupekua maelfu ya kemikali zilizokwisha kutengenezwa, ikawachagulia moja iliyokuwa imekusudiwa ugonjwa wa kisukari. Wakaiita halisini. Ni kisa cha salfa tena, dawa iliyokuwa kabatini. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha jepotidasini, ya kutengenezwa, kwa maambukizo ya njia ya mkojo ya wanawake. Dar es Salaam nako kuna Taasisi ya Dawa Asilia katika chuo kikuu cha Muhimbili, inayochunguza miti ambayo waganga wetu wameitumia tangu enzi. Sioni aibu kusema kuwa natamani moja itoke huko.

Hospitali ya Bath Row ilipofungwa mwaka 1993, kitengo cha walioungua kilihamia Selly Oak, na baadaye katika hospitali kubwa ya Queen Elizabeth, Edgbaston, ambako kipo mpaka sasa. Nyumba tunayopanga mimi na familia yangu haiko mbali na jengo la zamani. Ni nyumba ya kale, na sebuleni kuna hita ya gesi ya zamani ambayo mwenye nyumba hajaiondoa. Mbele yake ina nyavu za chuma zilizoshikiliwa kwa skrubu, na kwa miaka mingi nilizilaumu kuwa zinazuia joto. Wanangu huanika soksi zao juu yake wakitoka shule siku za mvua.